Kibao cha Bi Lieve

Bi Lieve,
kibao chako kilifika salama, siku ya soko,
kimefungwa kwa kamba juu ya lori la pamba kutoka Wagadugu:
herufi za buluu, jina lako na la marehemu mumeo,
na chini, kwa herufi ndogo, jina la kijiji chetu, Tangasogo,
lenye kosa moja ambalo tumelisamehe.
Uliagiza kisimikwe langoni.
Shule yetu haina lango.
Ina mawe mawili na mbuzi wa Ganame.

Ni mimi Lamusa, mpishi, nisiyejua kuandika.
Kalamu ameshika Wendkuni wa darasa la tano.
Mimi nasema, yeye anaandika,
na ukiona mahali maneno yamelainika
ujue hiyo ni adabu yake, si yangu.

Mwalimu ana daftari la mahudhurio; mimi nina sufuria.
Nawahesabu watoto kwa mabakuli.
Novemba, mtama ukiwa ghalani, mia moja na sita.
Machi, sitini.
Mei, pampu ilipokata, thelathini na moja,
na kati ya hayo, ya wasichana, manne.
Wenzao walikuwa njiani na madumu,
kilomita tisa kwenda,
na kurudi kilomita tisa zilizojaa maji.

Kilichokatika ni duara la ngozi,
dogo kama kiganja cha mtoto.
Bei yake haifikii bei ya rangi ya jina lako.
(Hapa Wendkuni amesita. Nimemwambia, andika.)

Mwaka jana ulimchagua Tinga pichani.
Ulisema umependa tabasamu lake.
Alikuwa anamcheka mpiga picha, nzi ametua puani mwake.
Tinga akapata begi, viatu, daftari kumi.
Raogo, pacha wake, alikuwa amesimama
hatua moja nje ya picha.
Usiku ule mama yao alishika wembe
akazikata daftari katikati, moja baada ya moja,
kama mtu akatavyo sabuni ya mche.
Sasa wote wawili huandika mistari mifupi,
na hesabu zao zimejifunza kubanana.

Kibao tumekigeuza.
Mgongoni kilikuwa kitupu, laini, chapendeza.
Wavulana walipasua betri kuukuu za redio,
wakasaga weusi wake, wakakoroga na maji ya bamia,
wakapaka mara tatu.
Leo kimeandikwa chaki: kugawanya kwa saba.
Jina lako limetazama ukuta,
limebeba darasa zima mgongoni.
Sijui kama kuna heshima kubwa kuliko hiyo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Lakini mgeni mwema huuliza kwanza
mwenyeji anaumwa wapi.

Basi, kama mkono wako bado haujachoka:
tuma ngozi za pampu, hata kumi, na spana,
na nauli ya Poko akajifunze ufundi siku saba mjini,
maana fundi wa mbali hufika kiu ikishazika.
Gunia lako la Machi, lile lipandalo meli,
linunue hapa kwetu Novemba, kwa mkulima aliye baba wa mtoto;
pesa italala kijijini, na mtama pia.
Na kama ipo nyingine, mashine ya kusaga.
Kinu huwaamsha mabinti saa tisa usiku
na darasani husinzia, mimi nawaona,
vichwa vyao vikiendelea kutwanga.
Mafuta ya mashine tutayanunua wenyewe. Usituondolee hilo.

Usimchague mtoto tena. Chagua sufuria.

Na siku moja uje.

*

Bi Lieve, mimi ni Wendkuni.
Lamusa ameitwa jikoni, uji unafurika.
Sikulainisha kitu.
Ila pale mwisho niliruka neno, nikaona haya.
Hakusema tu uje.
Alisema, uje na njaa.