Inakuya

Saa sita na nusu niliketi meza ya pembeni,
ile yenye mguu mfupi uliotiwa kizibo cha bia.
Nilivua kofia. Nikasema: bukari, tomsoni wa kukaanga,
lengalenga, pilipili kando.
Kijana hakuandika. Aliitazama simu yake,
akaiambia simu: "Inakuya, papa."

Kamalondo nzima ilikuwa inakula.
Nilisikia mafuta yakilia jikoni kwa ajili ya mtu mwingine.
Akaingia bwana mwenye funguo za gari,
akazitupa mezani kama karata ya ushindi,
na kabla kiti chake hakijapata joto
akaletewa samaki aliyenitazama mimi.

"Kijana, huyu amenikuta hapa."
"Ya kwako iko ku moto. Vumilia kiloko."
Akaifuta meza yangu kwa kitambaa kilichoichafua,
akaondoka na chumvi.

Basi nikangoja. Kungoja nimefunzwa.
Miaka ishirini na tisa niliitafutia kampuni shaba chini ya ardhi,
na siku walipolifunga shimo wakatuambia: malipo yenu
inakuya.
Mke wangu Kalumba aliliandika neno hilo kwa makaa
nyuma ya mlango, na tarehe kando yake.
Ukuta tumeupaka chokaa mara tatu. Neno hutokeza.
Umeme, inakuya. Maji, inakuya.
Kalumba alikwenda mwaka juzi
akiwa bado anatega sikio kwenye bomba.

Leo ni siku aliyozaliwa. Ndiyo maana tomsoni.
Ndiyo maana shati hili.

Saa nane kasorobo kijana akaja mbio;
kwa mara ya kwanza nikayaona meno yake.
Mkononi sahani ndogo, ndani ya sahani karatasi:
bukari moja, tomsoni mmoja, lengalenga,
jumla imepigiwa mstari mara mbili.

Katika jikoni lote lile
faktiri peke yake ndiyo iliyoijua njia ya meza yangu.

Nilicheka hadi mwenye funguo akageuka na mwiba mdomoni.
Nikachomoa kalamu mfukoni mwa kijana
(kumbe alikuwa nayo, na wino umejaa),
nikaandika chini ya jumla, taratibu,
kwa mwandiko wa daftari la mgodini:

Inakuya.

Nikavaa kofia.
Nikatoka na njaa yangu nzima,
hakuna aliyeigusa.