Dakika Kumi na Tano

Hasi kwanza. Nalegeza nati ya kumi,
navua waya mweusi wa betri, naufunika tambara
usije ukarudi mahali pake kwa mazoea.
Kisha nakaa.

Desjardins, mwenye gereji, hapendi kumwona fundi amekaa,
ila kwa hili hupita kimya.
Umeme hautoki mara tu ukifukuzwa.
Hubaki kidogo kwenye kijisanduku chake
kama mgeni aliyekwisha kuaga
na bado amesimama mlangoni, anakumbuka jingine.

Nje ni Sudbury, Machi, theluji imekuwa nyeusi.
Chumvi imeila pikapu hii hadi mapajani.
Kwetu tuliipima kwa kibaba;
huku wanaimwaga barabarani kwa malori.

Mzee Lehtinen, miaka thelathini shimoni akichimba nikeli,
alileta shida ndogo: "Honi tu.
Ile taa nyekundu iache. Tumezoeana."
Nikachora kwa chaki sakafuni:
chini ya usukani pana utepe
uliokunjwa kama mkeka baada ya shughuli;
ukikata kulia unajikaza, kushoto unajilegeza,
humo hupita sauti ya honi,
na humo humo hupita amri
ya kuufura mfuko wa hewa siku ya kishindo.
Utepe umekatika, mzee.
Honi imenyamaza ili ikwambie.

Akaitazama chaki muda mrefu.
"Majira mawili ya baridi," akasema,
"Aune ndiye aliyekuwa akiendesha. Mimi macho…"
Hakumaliza.
Akaingia chumba cha kungojea, mkewe yupo, anafuma soksi,
viti vitupu saba,
akaketi kile kilichogusana na chake.

Dakika ya kumi na sita. Nagusa chuma kitupu,
nimwage cheche za sweta langu.
Matairi yametazama mbele. Boliti mbili, kwa nyuma.
Mfuko unatoka na uzito wa mkate;
naubeba ukiwa umenipa kisogo,
naulaza mezani chali, kamwe si kifudifudi:
ukiamua kupaa, ukutane na dari.
Fundi Mkude wa Morogoro hakunifundisha haya.
Magari yake hayakuwa na mfuko,
yalikuwa na dua ya dereva, na breki siku za Jumatatu.

Navuta usukani. Navua maganda ya shingo yake,
ndani mna maganda ya alizeti, pini ya nywele,
senti moja ya zamani.
Pini naiweka kando, juu ya kitambaa safi.
Utepe mpya una kishikizo cha manjano;
sikichomoi hadi umekaa katikati,
maana ukikosea mzunguko mmoja
utakatika kwenye kona, na kona haina subira.

Betri naiunga nikiwa nje, ndani hamna mtu.
Ufunguo. Taa inawaka,
inanikodolea sekunde sita,
inazimika.
Kile kipande cha giza kwenye dashibodi
ndicho nilichofanyia kazi asubuhi nzima.

Nikabonyeza honi.
Kule ndani kikombe kiligonga sahani
na Aune akacheka kwa sauti, kwa Kifini.

Kwenye hati ya malipo Desjardins aliandika:
kazi, saa moja na nusu.
Zile dakika za kukaa hakuziandika.
Nikachukua kalamu, nikaziandika mimi,
na mbele ya bei nikaweka sifuri.