Kabla Kivuli Hakijahama

Maji yalikuja Alhamisi. Nikaficha madumu mawili
nyuma ya mlango wa bafu, nikawa nayahesabu kama noti.
Leo Jumapili, saa moja na nusu, Tassia inapiga miayo,
nimelisogeza gari chini ya kivuli cha jengo letu.
Ghorofa saba, na kivuli chenyewe cha kukodi:
ikifika saa nne kitakuwa kimehamia kwa jirani.

Maelekezo ya chupa ni mafupi kuliko ya mkopo.
Osha. Kausha. Tikisa. Puliza kidogo, tandaza,
geuza kitambaa, futa mpaka ujione.
Usipake juani. Usipake bodi ikiwa na moto.
Hakuna palipoandikwa: usipake kisicho chako.

Maana hati ya gari imelala mjini,
kabati ya chuma, ofisi ya chama cha mikopo,
na mimi nimelipa miezi ishirini na tisa
kati ya arobaini na minane.
Basi nimeamua, bila kumuuliza karani,
kwamba malipo yalianzia mbele.

Boneti ni yangu. Hiyo ni zamu za usiku,
wodi ya watoto, mwaka mzima wa chai ya saa tisa.
Mlango wa dereva ni wangu, ulinila Krismasi.
Paa tunagawana.
Kuanzia kifuniko cha mafuta kurudi nyuma
ni mali ya chama, na ya wadhamini wangu:
Kiptanui wa famasi, Nzilani wa rekodi,
na Achola wa maabara, ambaye kila Ijumaa huniuliza
"Gari linaendeleaje?"
akimaanisha kitu kingine.

Napuliza. Ukungu mwembamba, harufu ya ndizi mbivu.
Kitambaa kinateleza taratibu, kwa adabu,
kama ulimi wa mtu anayeomba kuongezewa muda.
Hapa ndipo kongoti wa mzunguko wa Nyayo
alipoacha salamu zake, zikala rangi hadi kwenye mfupa.
Doa halitoki. Nalipaka hivyo hivyo.

"Sista Nduku, hayo ni mafuta?" Simiyu, wa getini.
"Ni koti la mvua."
"Na mvua iko wapi?"
Tukatazama juu sote wawili.
Ghorofa ya tatu Kemunto alikuwa anaanika,
na sweta ya shule ikadondosha tone moja
katikati ya boneti yangu.
"Pole!" akaita, bila pole yoyote.
Lakini tone lilisimama. Duara kamili,
likitetemeka, halijui pa kukaa,
kisha likakimbia lote, halikuacha hata alama.
Sikumjibu Kemunto. Nilikuwa natabasamu.

Mlango wa nyuma, kushoto, una mkwaruzo wa mkokoteni,
mrefu kama mkono wangu. Chama hakijauona.
Dawa haifuti mkwaruzo,
inaufunika tu, kama kioo juu ya picha.
Nikapuliza mara mbili.
Sijui kwa nini mara mbili, na upande si wangu.

"Imebaki buti," nikasema, peke yangu.
"Hata mimi ninayo," akasema Simiyu, akanyoosha mguu.
Nikampulizia. Ya kushoto tu,
chupa ilikuwa imeanza kukohoa.

Kisha jua likapanda kwenye taa za nyuma.
Bampa ikabaki mkavu wake, haikuguswa;
nikakunja vitambaa, nikaketi kwenye dumu tupu.
Simiyu akaenda kwenye dimbwi la maji ya sabuni
akasimama humo kama mtu anayepima viatu dukani.
Cha kushoto kilitoka kikiwa kikavu.
Cha kulia kilikunywa.

Alirudi akikitikisa.
"Jumapili ijayo," akasema,
"nakudai mguu mmoja."