Saba Si Jirani wa Nane

Mwenda pole hajikwai, twasema kwetu,
ila Bi Hatsue Morikubo ana miaka sabini na mmoja
na mwendo wake ni wa mtu aliyesikia maziwa yakifurika jikoni.
Nimemlipa kwa saa nne. Ananipa Osaka
kama mtoto anavyopewa dawa: fungua kinywa, meza, twende.

Nilikuja kutafuta vipuri vya cherehani kuukuu,
sindano za namba ambazo hazitengenezwi tena.
Muuzaji akaugua mafua. Nikabaki na siku nzima
na viatu vipya, ambavyo ni kosa langu.

Kwenye ngazi za umeme tusimame kulia, asema.
Tokyo husimama kushoto, na wao ndio waliokosea.
Anacheka peke yake. Kiingereza chake na changu
vyote ni vya kuazima, twavivaa kwa tahadhari
tusije tukavirudisha vimechanika.

Namuuliza jina la barabara hii.
Haina.
Na ile?
Haina. Barabara ni nafasi tupu baina ya nyumba,
nani ataipa nafasi tupu jina?
Vitalu ndivyo vyenye namba, na humu
nyumba zimehesabiwa kama watoto, kwa kuzaliwa:
ya saba imelala kando ya ya pili,
ya nane iko ng'ambo, mgongoni kwa kinyozi.
Saba si jirani wa nane.
Alibeba barua humu miaka thelathini na mitatu,
pikipiki nyekundu, mvua na jua,
mtaa mzima ameuhifadhi kwa vidole.

Ngome hataki kunionyesha. Ngome, asema, imo kwenye kadi za posta.
Anasimama mbele ya visanduku vya barua.
Huyu alipokea bili tu.
Huyu mwanawe alikuwa Brazili, stempu zenye ndege.
Huyu alinisubiri dirishani mwaka mzima, hakuandikiwa na mtu,
nikawa namletea matangazo ya sabuni
nikiyashika kwa mikono miwili, kama barua.
Na hiki, mdomo umezibwa kwa utepe:
ndani hamna mtu.
Pembe moja imebanduka. Anairudisha kwa kidole gumba,
anaikandamiza, kama plasta kwenye goti.

Tunakula mipira ya unga yenye pweza. Naungua ulimi.
Amenionya mara mbili.

Saa ya tatu anataka nione kichochoro kimoja,
nyumba za mbao zilizoegemeana mabega,
mabomu ya vita yaliziruka, hajui kwa nini.
Tunakata kulia. Tunakata kulia tena.
Hapo mwendo wake unapungua.

Ni maegesho ya magari.
Mistari myeupe ingali inanuka rangi.

Anageuka, anahesabu kwa vidole, anarudi hatua kumi.
Anamsimamisha msichana wa shule mwenye mwavuli,
msichana anaitazama simu, anainama kwa adabu:
Ni hapa, mama.

Kuuliza si ujinga. Nilitaka kumwambia,
nikaona afadhali ninyamaze.
Yako maswali mtu huuliza jibu likiwa tayari kooni.

Katika kona, baina ya ukuta na mashine ya sarafu,
wamemwacha yule wa jiwe, mlinzi wa watoto,
kitambaa chekundu shingoni, kikombe cha maji miguuni.
Bi Morikubo anachuchumaa, anatoa jani kikombeni.
Kisha anaanza kunitembeza humo humo,
juu ya lami, kama aliyeshika ufunguo:
hapa palikuwa mlango wa kusukuma kando,
hapa mbwa aliyenichukia, hapa ngazi, inua mguu.
Nikainua mguu.

Nafasi ni nane, namba zimeandikwa chini kwa mpangilio.
Tazama, akasema, sasa saba ni jirani wa nane.

Akaiendea mashine, akabonyeza sita,
palipokuwa na ile ngazi.
Mashine ikafikiri kidogo,
ikamwonyesha deni lake: yeni sifuri.