Mita Kumi na Mbili, Bezi

Shemeji yangu Masalu alinionyesha kalenda:
bahari ya mbali, maji kama kioo cha duka,
samaki wa manjano wamejipanga
kama wanaopigwa picha ya harusi.
"Nawe unazamia hivi?"
Nikacheka. Mimi nazamia ndani ya mlenda.

Ziwa letu ni kijani, na kijani chake ni kizito.
Ukinyoosha mkono, kiganja ni chako,
vidole ni vya kukisia.
Kazi yangu naifanya kwa kupapasa,
kama atafutaye kiberiti umeme ukikatika:
hili jiwe, hiki kipande cha wavu,
hii kandambili ya mguu wa kushoto
(ya kulia, mwaka wa sita huu, sijaiona).

Leo ni mashine ya Bwire.
Farasi kumi na tano, ilichomoka skrubu usiku wa dagaa
ikazama na mkopo wa kikundi, bado marejesho saba.
Elfu themanini: nusu sasa, nusu ikionekana.

Nimeipata. Imelala ubavu kati ya mawe mawili,
kifuniko kimebenuka, na ndani ya kifuniko,
tochi ikikaribia kugusa,
furu.
Hamshindi kidole gumba.
Taya limevimba kama la mwenye jino bovu,
halafu nikaona, kwenye upenyo wa midomo,
macho. Mengi. Madogo kama punje za ulezi.

Wanawe.

Basi tukatazamana, wanawake wawili tusioweza kusema,
yeye amebana watoto,
mimi nimebana mpira wenye hewa ya kukodi.
Atakayefungua kinywa kwanza, amepoteza.

Kamba ninayo mkononi. Fundo moja tu.
Mshale wa geji ukashuka sabini, ukaja sitini.
Nikangoja.
Sijui nilingoja nini; samaki utampigiaje hodi?
Nikagonga chuma kwa kucha, taratibu, mara tatu.

Akatoka. Hakukimbia.
Alipita mbele ya miwani yangu kama mpangaji aliyepewa notisi,
nyumba nzima mdomoni.

Nikafunga fundo.

Juu, Bwire alivuta kamba
akimtaja Mungu na bei ya skrubu kwa pumzi moja.
"Kuna nini huko chini?"
Nikatema mpira. Taya lilikuwa linaniuma.
"Giza," nikasema,
nikanyoosha mkono nipewe ile nusu.