Gari la Mkate

Funguo kumi na nne kwenye pete moja,
na sita kati yake hatujui zinafungua nini.
Mbonea anazijaribu kwenye kila tundu la nyumba
kama mtu anayemlisha mgonjwa
asiyetaka kufumbua kinywa.
"Hii?" Sijui. "Na hii?"
Labda ya lile banda la kuku
lililokwenda na mafuriko, kuku wakiwa ndani.

Miaka thelathini na moja, Tabata Kimanga.
Tofali la kwanza nililinunua kwa zamu yangu ya upatu,
la mwisho kwa kiinua mgongo chake;
katikati hapo tuliishi na madirisha ya gunia,
tukazaa, tukadaiwa.
Leo vyumba vitano, na sisi wawili
tunapigiana simu kutoka jikoni hadi sebuleni.

Gari tulilipata mnadani, Kenta la kiwanda cha mkate.
Fundi amelipaka rangi mara tatu
na bado maneno yanachungulia ubavuni:
MOTO MOTO KILA ASUBUHI.
Nakijwa alicheka hadi akakaa chini.
Urefu, hatua zangu saba.
Upana, mikono miwili na kiganja.

Mali bila daftari huisha bila habari,
basi nikanunua daftari, nikachora mstari katikati:
vinavyopanda, vinavyobaki.
Upande wa kubaki ulijaa hadi jalada.
Makochi, kwa mdogo wangu Gongo la Mboto.
Kabati la vioo, na vyombo vya wageni
ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuvifikia hadhi;
hata askofu alikula kwenye melamini.
Kinu, kwa Bi Sikudhani. Mchi nikaung'ang'ania,
nikidai utafaa kwa mbwa wa njiani.
Siku ya nne akaja mwenyewe ukutani:
"Jirani, kinu bila mchi ni kigoda tu."
Nikampitishia juu ya ukuta. Hakuuvuta.
Tukaushika wote, kila mtu ncha yake,
tukazungumzia bei ya vitunguu.

Eliraha anapiga simu kutoka Mwanza:
"Mama, watu watasema hatuwatunzi."
Waambie, mwanangu, baba yenu
aliwakatia watu tiketi pale Tazara miaka yote ile
na yeye mwenyewe hajaiona Makambako.

Dalali naye: "Wazee, mnahamia wapi?"
Hatuhamii. Tunaondoka.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
sisi ya pili jioni tutakuwa tumewasha gari.

Sisemi siogopi.
Naogopa kuugua mahali wasipojua jina langu.
Naogopa zile hatua saba
siku tutakayonuniana.

Mnunuzi ameshaingia. Ametuachia uwanja hadi Ijumaa,
basi jana tukalala garini, kujaribu.
Joto lilipopanda, bati likaanza kunuka hamira,
kama vile kuna kitu kinaumuka chini ya godoro.
Saa nane usiku nikasikia maji:
tanki la juu limejaa, linamwagika.
Nikashuka pekupeku, nikafika mlangoni,
mkono ukaenda kwenye pindo la khanga.
Ufunguo mmoja. Wa gari.

Taa ikawaka ndani. Yule kijana, na msuli wake,
anapapasa kuta.
"Nyuma ya mlango wa stoo," nikamwambia dirishani,
"chini kidogo ya pale unapodhani."
Maji yakakata.
"Asante, mama. Karibu ndani," akasema,
saa nane ile ya usiku, masikini, adabu zake.

Nikarudi. Mbonea hakuamka,
lakini alikuwa amejibana kwenye bati,
ameniachia nafasi
upana wa mkate, na kidogo zaidi.