Chumvi Isizidi Chozi

Siku ya tatu tangu wadi imeze barabara
Mmalabari wa dukani, hapa Khabura, alinionyesha rafu:
sabuni, betri, vibandiko vya bei bila bidhaa.
Maziwa ya mtoto? "Khalasi, dada, khalasi,"
akanisukumia maziwa mazito, yale matamu.
Nikamrudishia. Hayo ni ya chai ya karaki,
si ya tumbo la miezi saba.

Nyumbani Azzan ameharisha mara sita tangu alfajiri.
Mama yake, Raya, yuko zamu hospitali ya Sohar,
ng'ambo ya maji; simu inaita, inakatika.
Maziwa aliyoyakamua na kuyagandisha
yameharibika umeme ulipokwenda.
Tuliyamwaga. Bi Moza aliyatazama yakiishia sinkini
kama mtu anayesindikiza jeneza.

Koponi umebaki unga wa chupa mbili.
"Zidisha maji," akasema, "utufikishe Ijumaa."
Miaka minne nimo humu ndani, sijawahi kumwambia hapana.
Nikamwambia.
Maziwa mepesi, bibi, hushibisha macho yetu tu.

Nikaufinya ubavu wa mtoto: ngozi ikasimama, ikachelewa kulala.
Utosi umebonyea. Analia, mashavu makavu.
Nepi ya asubuhi nyepesi kama ilivyotoka pakitini.

Ndipo nikamsikia nesi wa kliniki ya Pongwe,
yule mkali, aliyetupanga kinamama kwenye benchi
na kutuimbisha hadi aliyelala akaamka:

   Maji lita chemsheni, yakipoa yapimeni,
   vijiko sita tieni, sukari yake futeni,
   chumvi nusu kijikoni, isizidi asilani,
   kionjwapo ulimini, chumvi isizidi chozi.

Kijiko cha chai, alisisitiza, si cha kupakulia!
Mtungi wa gesi ulikuwa unakohoa.
Birika likachemka kwa taabu, nikalipooza ndani ya sufuria ya maji.
Nikaonja. Bi Moza akaonja.
"Chozi la nani?" akauliza. Sikumjibu.
Mwanangu, kule Tanga, aliugua hivi hivi mwaka juzi;
nilimsomea mama vipimo kwa simu,
nikiwa nimejifungia stoo, vocha inakwisha.

Chupa sikuitaka; nani angeichemsha kila saa?
Nikachukua finjani ya kahawa, ile ya wageni,
nikaichemsha mara moja, nikamkalisha wima.
Tone. Tone. Akatapika.
Tukangoja dakika kumi, Bi Moza akihesabu kwa tasbihi,
tukaanza tena, polepole zaidi.

Lakini maji yale si chakula.
Bi Moza akajitanda, akatoka kwenye tope,
akabisha mlango wa Mahtab, Mbaluchi wa nyumba ya bluu,
ambaye miaka miwili hawasalimiani
kwa sababu ya mbuzi na mche wa mlimau.
Sijui walisemezana nini.
Mahtab alikuja na Zarina wake mgongoni,
akaketi, akamtoa Azzan mikononi mwangu, akamnyonyesha.

"Unajua," Bi Moza akamwambia, "sasa ni ndugu wa ziwa.
Hawa hawataoana."
"Alhamdulillahi," akajibu Mahtab,
"nilikuwa naogopa mahari yenu."

Usiku kucha: ziwa kila anapotaka,
finjani kila anapoharisha.
Yaliyobaki alfajiri nikayamwaga, nikakoroga mapya.
Nikahesabu finjani hadi kumi na tisa,
kisha usingizi ukanipokonya hesabu.

Niliamshwa na joto mapajani.
Kanzu yangu ya pekee kavu, imelowa hadi magotini.
Azzan ananitazama, mdomo umeng'aa.
Nikapiga ukelele; Bi Moza akaja mbio bila ushungi,
akaligusa doa, akanusa vidole vyake,
akapiga vigelegele ambavyo harusi ya mwanawe haikuvipata.

Simu ya Raya iliingia saa mbili.
Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala.
"Amekojoa," nikasema.
Upande wa pili kimya.
Kisha nikamsikia akilia,
na Azzan, kwa kuisikia sauti ya mama,
naye akaangua kilio,
na safari hii mashavu yakalowa.